Msindano Uliorudi Utotoni

Mwaka ule Esnath alipopunguzwa kazi, walipunguzwa wengi. Ilikuwa miaka ya ruksa. Maduka yalijaa sabuni na redio, mitumba ilining'inia hadi kwenye magulio ya vijijini, na huku nyuma taasisi za serikali zilikuwa zikifunga milango yake moja baada ya nyingine. Kituo cha utafiti wa miti ambako Esnath alikuwa fundi wa maabara kilibakiziwa walinzi na watu wachache wa ofisini. Wengine wote waliambiwa asante, wakafungasha.

Kaka yake, Meshaki, alikwenda kumpokea stendi ya Tukuyu. Alimtwika dada yake begi, yeye akajitwika sanduku la bati, wakapanda lori la viazi lililokuwa linarudi Isongole tupu. Walipofika nyumbani, mkewe Meshaki, Atuganile, alikuwa ameshapaka chumba cha uani udongo mweupe na kutandika kitanda. Chakula kilikuwa tayari. Hakuna aliyemuuliza atakaa muda gani.

Ukimya ule wa wema ulimchoma Esnath kuliko maswali. Miaka yote alikuwa yeye ndiye mtumaji: khanga za Krismasi, madaftari ya watoto, dawa mama yao alipokuwa anaumwa. Mkono uliozoea kutoa una aibu yake siku unapogeuzwa kiganja juu. Alikula kidogo, akasema amechoka na safari, akaingia chumbani.

Siku chache baadaye Meshaki alimpeleka kuona shamba. Zamani mteremko ule ulikuwa wa pareto. Chama cha ushirika kilipoacha kununua maua, Meshaki aling'oa pareto yote akapanda misindano, ile misonobari ya mbao, kama walivyofanya wengi pale Isongole, kwa kuwa mbao zilikuwa na soko na kila mtu sasa alikuwa huru kuuza kwa amtakaye. Esnath alitegemea kuona msitu mchanga wa kijani. Alikuta miti ya manjano, imedumaa, matawi yamekauka kuanzia ndani.

"Ilianza kiangazi cha mwaka juzi," Meshaki alisema. "Nilidhani ni baridi."

Esnath alivuta tawi moja karibu na macho. Chini ya sindano kulikuwa na vitu vyeupe kama nyuzi za pamba. Alivikwangua kwa ukucha. Ndani ya pamba mlikuwa na wadudu wadogo mno, wamejishikiza kwenye gome wananyonya utomvu.

"Hawa nawajua," alisema. "Wako kwa jirani pia?"

"Wako kwa kila mtu. Nimeanza kukata kuni."

Alilisema bila kulalamika, na hilo ndilo lililomuuma dada yake. Ile miti ilikuwa ndiyo akiba ya nyumba nzima, na sasa na yeye alikuwa mmoja wa waliomo katika nyumba hiyo.

Jumapili moja baada ya ibada walipita njia ya juu, inayopakana na shamba la miti la serikali. Humo namo misindano ilikuwa imepauka. Lakini katikati ya kitalu cha zamani ulisimama mmoja mrefu, umenyooka, kijani chake kimekolea hadi kukaribia weusi.

"Huo ni wa siku nyingi," Meshaki alisema. "Baba alikuwa kibarua walipoupanda pamoja na miti mingine ya rika lake. Mingi imekwisha katwa."

Esnath aliingia kitaluni. Aliokota vitawi vilivyodondoshwa na upepo, akavichambua kimoja kimoja. Hakuona pamba hata kidogo. Alitazama mti wa jirani yake, ulikuwa mweupe. Akarudi kwenye ule mkubwa akaugusa gome, moyo unamwenda mbio kama wa mtu aliyeitwa kwa jina lake mahali pa ugenini.

"Wadudu wanaukwepa," alisema. "Au wanatua wanashindwa kuula."

"Basi tuokote mbegu zake."

"Mbegu tunamjua mama yake tu. Baba yake ni upepo. Vumbi la maua linatoka kwenye miti hii yote migonjwa, na mtoto anaweza kufuata upande wowote."

"Basi tukate matawi tuchomeke, kama muhogo."

Esnath alitabasamu, mara ya kwanza tangu arudi. "Msindano mchanga ungekubali, kaka. Mzee hakubali. Ukimchomeka ardhini anakaa kijani miezi kadhaa, kisha anakauka. Kuotesha mizizi ni kazi ya utoto, naye utoto umeshamtoka."

"Kwa hiyo ndio basi."

"Kuna njia. Tuliianza kituoni, hatukuimaliza." Akamweleza hapo hapo, wakiwa wamesimama kwenye majani makavu. Unachukua ncha ya tawi, ndogo kuliko punje ya mchele. Unaibebesha juu ya mche uliochipua juzi tu, kama watu wanavyobebesha maparachichi, ila hii unaifanyia ndani ya chupa, mahali pasipo na uchafu wowote. Ile ncha ikishika, inanyonya maji ya mtoto. Ikikua, unachukua ncha yake mpya unaibebesha tena juu ya mtoto mwingine. Kisha tena. Kila ikihama, inapungua uzee, mpaka siku moja inakubali kuota mizizi yake yenyewe.

Meshaki alifikiri. "Inataka nini?"

"Inataka maabara," Esnath alisema, na uso wake ukajifunga tena.

Ni Atuganile aliyeufungua. Jioni ile wawili hao walikuwa jikoni wakimenya ndizi, na Esnath akawa anataja vitu ambavyo hana, kimoja kimoja, kama mtu anayehesabu marehemu wake. Chumba kisicho na vumbi. Chupa. Spiriti. Visu vyembamba. Unga wa mwani wa kugandisha chakula cha miche.

"Wifi," Atuganile alisema, "hivyo vyote viko duniani?"

"Viko. Vina wenyewe."

"Basi waombe. Uliponiletea khanga miaka yote ile, ulitaka nione haya kuzipokea?"

"Hapana."

"Sasa mbona wewe unaona haya? Omba. Atakayekunyima, shauri yake. Atakayekupa, umempa na yeye nafasi."

Esnath alimalizia kumenya ndizi. Asubuhi alijifunga khanga, akaanza kwenda kwa watu.

Alianza kwa Amoni, mzee aliyekuwa mwenyekiti wa ushirika na bado alikuwa na ufunguo wa ghala la pareto. Amoni alimsikiliza hadi mwisho, akasema ghala linakaa na panya tu, heri likae na mtu mwenye kazi. Meshaki na Amoni walilipiga chokaa. Meshaki alitengeneza kisanduku cha vioo vya madirisha, chenye matundu mawili ya kupitishia mikono, ili kazi ifanyike humo bila kupumuliwa. Akina mama wa kanisa walileta chupa za asali na za jemu. Cosmas, mtu wa Songea aliyekuwa maabara moja na Esnath na ambaye yeye alibakizwa ofisini, alituma kwa basi unga wa mwani na chumvi za kulishia miche, na sufuria ya kupikia kwa mvuke ambayo mkuu wake alikubali itolewe stoo. Na katika hospitali ya misheni, muuguzi wa chumba cha upasuaji aitwaye Anyosisye alimpa spiriti na visu vyembamba ambavyo havikuwa vikali tena vya kutosha kwa mwili wa binadamu.

"Kwa mti vinatosha?" Anyosisye aliuliza.

"Vinatosha na kubaki."

"Ukikwama niite. Sijawahi kumfanyia mti upasuaji."

Alibaki mmoja, na huyo ndiye Esnath aliyemwogopa. Kitalu chenye ule mti kilikuwa kimeshatolewa kibali cha kuvunwa, na fundi aliyeletwa kuvuna ni Jairo wa Matwebe, jitu la watu lenye sauti ya kushindana na mashine, mwenye msumeno ule wa kuhamahama ambao watu waliuita dingidongo. Esnath alimkuta amekaa juu ya gogo, nywele zimejaa vumbi la mbao.

"Nimeambiwa unataka mti wangu," Jairo alisema.

"Nataka ncha zake tu, baba. Na nataka uucheleweshe."

"Mimi ninakata. Kazi ya kuchelewesha sijaisomea."

Esnath alimweleza. Alimweleza pia juu ya miti ya kaka yake, na ya majirani, na kwamba baada ya miaka michache hata yeye Jairo atakosa cha kukata. Jairo aliendelea kunoa mnyororo wa msumeno wa kuangushia miti huku anasikiliza. Mwishoni alipuliza vumbi kwenye tupa.

"Nitaanzia upande wa chini. Mvua zikikatika nitakuwa nimefika kwenye mti wako. Zaidi ya hapo sina ahadi." Kisha akamwita kijana wake wa kazi, "Yona! Panda ule mrefu, umletee mama huyu ncha anazozitaka. Na usizishike kwa mikono yenye oili."

Ncha za kwanza zilioza zote. Esnath aliziosha, akazikata, akazibebesha juu ya miche iliyokuwa imechipua ndani ya chupa, akazipanga kwenye rafu nyuma ya jiko la Atuganile, kwa kuwa Isongole ni baridi na ukuta ule ndio pekee uliokuwa na joto mchana na usiku. Baada ya siku chache ukungu mweupe ulitambaa ndani ya kila chupa. Yona alipanda tena. Za pili nazo zikaingia ukungu, isipokuwa chache ambazo hazikuoza wala kushika, zilikauka tu. Esnath alizimwaga uani, akachemsha chupa upya. Atuganile alimsaidia kusugua.

Mvua zilikatika. Esnath alipanda njia ya juu kwenda kuomba ncha za mara ya tatu. Alipokaribia kitaluni hakusikia mashine. Alitazama pale anapozoea kutazama, akaona mbingu. Mti haukuwepo. Kilikuwepo kisiki kipana, kibichi, kinatoa utomvu pembeni kote, na gogo refu limelala kwenye mteremko.

Alikaa chini karibu na kisiki. Aliwaza jinsi watu walivyotoa: ghala, chupa, chumvi, visu. Aliwaza atakavyowaambia. Kibarua mmoja aliyekuwa anakusanya magome alimwambia kwamba Jairo ameondoka na lori tangu asubuhi. Esnath alishukuru kwa kujibiwa, akainuka, akarudi alikotoka.

Lori lilikuwa limesimama mbele ya ghala la pareto. Jairo na Atuganile walikuwa wanashusha magunia yaliyolowa maji, wanayapanga kivulini, na kutoka kwenye midomo ya magunia zilichomoza ncha za kijani kilichokolea.

Jairo alipomwona alivua kofia. "Dada, wenye kibali walikuja jana. Walisema mti utakaokuwa bado umesimama wiki ijayo utarudi serikalini, na mimi na mashine yangu tutafute kazi kwingine. Nisingeweza kungoja."

"Najua," Esnath alisema, ingawa alikuwa hajajua.

"Nilikumbuka ulivyosema za juu kabisa ndizo bora. Nikamwambia Yona apande kwanza, azikate kwa mkono. Ningeuangusha nazo ziko juu, zingepondeka." Aligeuzageuza kofia. "Maji ni ya mto, safi. Sijui kama nimefanya sawasawa."

Esnath alipiga goti kidogo, kama alivyofundishwa na mama yake kumshukuru mtu aliyekuzidi kwa tendo. "Ndaga," alimshukuru kwa Kinyakyusa. Kisha akaongeza, "Ndaga fijo, kaka."

Jairo alijisikia vibaya kupigiwa goti. Akasema lori linahitajika, akaondoka.

Sasa hapakuwa na mti wa kurudia. Zilizokuwa kwenye magunia ndizo zilikuwa za mwisho, nazo zisingengoja. Esnath alimtuma Meshaki kwa baiskeli hadi hospitali, na Anyosisye akaja siku ile ile, akiwa na gauni lake safi ndani ya mfuko. Alikagua kila kitu kwa macho bila kugusa, akamwomba Esnath amwonyeshe anavyofanya. Esnath aliosha ncha, akaingiza mikono kisandukuni, akakata.

"Kwetu," Anyosisye alisema taratibu, "anayeosha jeraha siye anayeshika kisu. Si kwamba mmoja hajui. Mikono ni miwili tu, na inasahau ilikotoka."

Esnath aliliona kosa lake papo hapo. Kule kituoni walikuwa wawili daima, yeye na Cosmas. Hapa alijaribu kuwa watu wawili. "Nitaosha mimi," alisema. "Wewe una mkono wa kisu. Nitakuelekeza pa kukata."

Walifanya kazi hadi mwanga wa dirishani ulipopungua, na kesho yake tena. Esnath alikuwa anaosha kwenye beseni upande mmoja wa ghala, anapitisha. Anyosisye alikuwa anakata kichwa cha mche mchanga, anapasua ufa mwembamba kama unywele, anachomeka ile punje ya kijani. Atuganile alikuwa anachemsha na kufunika. Waliongea kidogo. Waliimba kidogo pia, wimbo wa kanisani, kwa midomo iliyofungwa vitambaa.

Nyingi zilikufa. Lakini rafuni nyuma ya jiko zilibaki chupa kadhaa zisizo na ukungu, na katika hizo, mahali pa ufa palipokuwa pameungwa pakavimba kidogo, pakaziba. Siku Esnath alipoona sindano mpya zimechomoza, alikaa kwenye kigoda cha jikoni akalia kwa utulivu, na wifi yake akamwekea chai karibu.

Kuanzia hapo ikawa kazi ya subira. Chipukizi likikua, ncha yake inahamishiwa kwenye mche mchanga mwingine, na Anyosisye anakuja siku zake za mapumziko. Mara ya kwanza na ya pili sindano zilitoka tatu tatu, zimefungwa pamoja kwenye shina, kama zilivyokuwa kule juu ya mti mkubwa. Uzee ulikuwa bado umo. Baadaye, katika moja ya hizo kuhama, Esnath alisogeza chupa kwenye mwanga, akatazama, akatazama tena.

"Wifi, njoo uone."

Atuganile alikuja na mikono ya unga. Ndani ya chupa sindano zilikuwa zimetoka moja moja, laini, fupi, zenye rangi ya kijani inayoelekea samawati.

"Mbona kama nywele za mtoto mchanga?" Atuganile alisema.

"Ndivyo zinavyoanza kwa mche uliotoka kwenye mbegu. Mti wa umri wa baba hauwezi kutoa hizi." Esnath aliiweka chupa chini polepole. "Umesahau. Umesahau kwamba ni mzee."

Vitawi vya kizazi kile walivichomeka kwenye mchanga wa mtoni uliochemshwa. Vilikaa. Esnath alijizuia kuvivuta. Meshaki ndiye aliyeshindwa kuvumilia, akakivuta kimoja, nacho kikamkatalia. Alipokichimbua kwa kijiti, kulikuwa na mizizi miwili myeupe, mirefu kama kucha za dole gumba.

Miche ilipofikia kimo cha magoti waliipanda kwenye mteremko, pale palipokuwa na pareto, kisha misindano ya manjano, kisha visiki. Kiangazi cha mwaka uliofuata wadudu walirudi kama kawaida yao. Kwa jirani pamba ilitanda. Meshaki na Esnath walipita mstari kwa mstari, wanapekua sindano kwa vidole. Mahali pengine waliona nyuzi chache, zimekauka, ndani yake hamna kitu hai. Wadudu walikuwa wametua wakakosa riziki. Meshaki alifika mwisho wa mstari, akachuchumaa.

"Ulikuja na sanduku moja," alisema. "Nilidhani sisi ndio tunakupokea."

"Mlinipokea, kaka. Hayo mengine yalianzia hapo."

Mwaka ule miche ilipokuwa mingi, Esnath aligawa kabla ya kuuza hata mmoja. Anyosisye alipewa ya kupanda nyuma ya wodi ya akina mama. Amoni alipewa. Kanisani aliipeleka Jumapili ya mavuno, ikawekwa mbele pamoja na mahindi, viazi na kuku, na kwenye mnada baada ya ibada watu walipandisha bei wakicheka. Ya Cosmas ilisafiri kwa basi, imefungwa kwenye maganda mabichi ya mgomba isikauke njiani, kwenda kule kituoni ambako alisema bustani ya miche imefunguliwa tena.

Mmoja Esnath alimpelekea Jairo kwa mkono wake. Alimkuta amehamia kitalu kingine, amezeeka kidogo, bado ana vumbi la mbao. Alimkabidhi mche ndani ya kopo.

"Huyu ni yule yule," alisema. "Si mtoto wake. Ni yeye."

Jairo alilipokea kopo kwa mikono miwili. Alizitazama zile sindano kwa muda mrefu kuliko Esnath alivyotarajia. "Nimekata miti tangu sijaota ndevu," alisema. "Sijapanda hata mmoja. Na hapa Isongole sina ardhi, dada. Nina mashine."

Esnath alirudi na jibu hilo nyumbani, akalieleza wakati wa chakula. Meshaki alitafuna, akameza, akasema pale chini kwenye mpaka wa shamba kuna kipande kirefu ambacho hakina kitu, na hajui ni kwa nini kikae wazi.

Jumamosi Jairo alikuja, amevaa shati lililopigwa pasi. Alikuja na kopo lake na Yona. Atuganile alishuka na birika la chai na viazi vya kuchemsha. Jairo alichimba shimo, kina chake kingetosha kuzika mbuzi, na Meshaki akamwambia kwa upole kwamba inatosha nusu yake. Wakacheka. Jairo akarudishia udongo, akapiga magoti, akausimamisha mche katikati, akaushikilia unyooke wakati Esnath anashindilia udongo kwa vidole kuzunguka shina.

"Nikiuachia utaanguka?" Jairo aliuliza.

"Hauanguki. Uachie."

Aliuachia.